Mwisho Nisiouona

Mwezi uliopita Papa Anaclet alisoma kwa mara ya mwisho uhakiki wake wa filamu kwenye televisheni ya Kamina, na kituo kikaniita nitoke Lubumbashi nije kusema neno moja juu yake mbele ya kamera. Nilikuwa na siku nne za kulitayarisha neno hilo. Nililiandika mara saba, nikaliogopa mara saba, na saa ilipofika nikasema tu kwamba alikuwa mwalimu mzuri, nikakaa. Yeye alinigeukia na kusema kwa sauti ya chini, lakini maikrofoni iliidaka: "Mutoto, ile unaweza kuisema hata ku kilio ya mwalimu wa gymnastique." Kilio kwetu ni msiba. Studio nzima ilicheka, nami nikacheka, kisha nikasafiri kurudi nyumbani nikiwa na aibu njia yote. Kwa hiyo naandika hapa nilichopaswa kusema. Ni habari ya mwaka mmoja tu, mwaka niliofanya kazi naye, nilipokuwa na licence, yaani shahada, mpya ya fasihi na hofu ya karibu kila kitu.

Kituo chetu kilikuwa nyumba ya kupanga karibu na reli. Sebule yake ndiyo ilikuwa studio. Kuta zilipigiliwa sponji za magodoro ya zamani ili sauti isirudi, na siku za joto sponji hizo zilitoa harufu ya watu waliozilalia, kiasi kwamba wageni wengi walianza mahojiano kwa kunusa. Jiko lilikuwa chumba cha kazi. Sinki bado lilikuwepo, na Trésor, fundi wetu wa kamera na mitambo, alihifadhi nyaya zake humo kama mtu anayeloweka mihogo. Meza moja, viti vitatu, na kompyuta ambayo betri yake haikumaliza robo saa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jenereta, ambayo sisi sote tuliiita "groupe", lakini mafuta yake yalikuwa ya kurusha matangazo tu. Kuangalia filamu kulitegemea umeme wa mji. Umeme ulipokatika, filamu ilikuwa imekwisha, hata kama bwana harusi alikuwa bado yuko mlangoni.

Papa Anaclet alikuwa amefanya kazi katika hali hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kutokana nayo alikuwa ametengeneza sheria. Kipindi chake cha Jumamosi jioni, kabla ya habari, kiliitwa "Tuliona". Alikuwa na daftari la shule, na pembeni mwa kila ukurasa aliandika dakika ambayo umeme ulikatika. Kisha akaenda hewani na kusema bila haya: "Wapenzi batazamaji, hii filme tuliiona dakika makumi tatu na munane. Kile kinafuata, anakijua Mungu na ule aliyeitengeneza. Minyi ntawaambia dakika makumi tatu na munane." Na aliwaambia kweli. Aliwaambia mahali mwigizaji alipotazama kamera kwa bahati mbaya, mahali ambapo mvua ilinyesha dirishani lakini nguo zilizoanikwa nje zilikuwa kavu, mahali ambapo mama mmoja alinyamaza vizuri. Umeme ukirudi wiki ile, alitoa nusu ya pili Jumamosi iliyofuata. Usiporudi, filamu ilibaki nusu. Zilikuwepo zilizobaki nusu kwa miaka.

Wanawake wa soko kubwa walimwita Papa Nusu. Nilipita naye huko mara nyingi, na sikumbuki tulipita salama hata mara moja.

"Papa Nusu! Ule bwana alirudilia bibi yake?"

"Sikuona, Mama."

"Basi wazia!"

"Kuwaza haiko kazi yangu. Weye uzisha nyanya."

Mimi kazi yangu ilikuwa kuwaza, au ndivyo nilivyoamini. Chuo kikuu kilikuwa kimenifundisha kwamba kitu hakiko kile kinachoonekana, na mimi kwa tabia nilikuwa tayari nusu ya njia: nilikuwa mtu wa kumsalimu jirani asubuhi na kujiuliza mchana kutwa kwa nini alijibu vile. Karatasi yangu ya kwanza ya maelezo ya filamu, ambayo Papa Anaclet aliiita fiche, ilikuwa na kurasa kumi na mbili. Aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha akaniuliza yule mwanamke wa katika filamu alikuwa amevaa nini. Sikukumbuka. Akauliza walikula nini mezani, bukari, yaani ugali wetu, au mikate. Sikukumbuka. Trésor, aliyekuwa ameinama kwenye sinki, alisema bila kugeuka: "Madame Licence ameona philosophie ya bukari, lakini bukari yenyewe hakuiona." Jina hilo, Madame Licence, lilinikaa mwaka mzima. Papa Anaclet hakucheka. Alinirudishia karatasi, akavuta kiti mbele ya kompyuta na kukipigapiga, kama mtu anayemwonyesha mgonjwa mahali pa kukaa. Niliiangalia tena. Mwanamke alikuwa amevaa kitambaa cha kijani kilichoshonwa upya begani kwa uzi mweusi, na kushona kule kulisema yote niliyoyasema katika kurasa kumi na mbili, kwa ufupi zaidi.

Saa sita mchana mke wake alituletea beseni lenye bukari, sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu wa Bukama, na sisi watatu tulikula kutoka chombo kimoja. Hapo ndipo nilijifunza zaidi, ingawa nusu ya akili yangu ilikuwa inapima kama nachukua tonge kubwa mno. Siku moja Trésor alimchokoza.

"Papa, miaka yote hii unasema mubaya ya filme ya bantu, na weye haukutengeneza hata moya."

Papa Anaclet alimeza kwanza. "Minyi ninakula bukari kila siku, sikulima hata shamba moya. Lakini ikiwa mubichi, ninajua."

"Na ikiiva?"

"Ikiiva ninasema aksanti. Uko unanisikia kila Jumamosi ninasema aksanti, lakini weye unakumbuka tu matusi."

Ilikuwa kweli. Leo nami naandika juu ya filamu, na watu wananikumbusha sentensi mbaya niliyoandika miaka mitatu iliyopita, hakuna anayekumbuka sifa. Wakati ule sikujua hilo. Nilijua tu kwamba mzee huyu alilala vizuri, nami sikulala vizuri, na nilitaka kujua alifanyaje.

Mvua zilipoanza alinipa heshima ambayo sikuiomba. Alikuwa na mikutano, misiba, macho yanayochoka. Akasema kwamba toka siku hiyo naweza kuangalia sehemu fulani peke yangu. "Macho yako ni macho yetu," alisema. "Ukiona, tumeona." Nilisema "Eyo, vidye," kama tunavyomjibu mkubwa kwa Kiluba, na nikaenda nje kusimama kando ya groupe mpaka moyo uliponitulia.

Ndipo ikaja filamu ya Mama Albertine. Alikuwa mshonaji, mwenye kibanda kando ya soko, na aliitengeneza kwa simu pamoja na kwaya ya parokia yake ya Kimethodisti. Jina lake lilikuwa "Nguo za Marehemu". Mjane aitwaye Numbi amemaliza kilio cha mume wake, na mashemeji wanakuja kugawana nguo zake, kama inavyofanyika kwetu. Lakini wanataka pia nyumba na mashine ya kushonea. Mama Albertine hakutaka sifa tu. Alikuwa ameiomba kamati ya parokia ukumbi wa kuonyeshea filamu kwa mji wote, na kamati ilimjibu kwamba itasikiliza kwanza Papa Anaclet atasema nini.

Tuliiangalia Alhamisi, yeye na mimi. Baada ya nusu saa simu yake ililia: mjomba wake alikuwa amefariki Kabongo. Alivaa kofia, akapanda pikipiki nyuma ya kijana wa wewa, bodaboda wetu, na kabla ya kuondoka alinielekezea kompyuta kwa kidevu. "Maliza. Jumamosi ntarudi saa ya émission." Nikaendelea. Mashemeji waliingia uani, Numbi akasimama mlangoni mwa chumba cha kulala, shemeji mkubwa akaweka mkono kwenye kitasa. Dakika ya hamsini na mbili, umeme ukakatika.

Ijumaa haukurudi. Jumamosi asubuhi haukurudi. Nilichopaswa kuandika kilikuwa na maneno machache: tuliona dakika hamsini na mbili. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuyaandika, na nina majibu mengi, kama kawaida yangu, lakini nitatoa yale mawili ya kweli. Aliniambia "maliza", nami niliogopa kuonekana sikumaliza. Na la pili, ambalo lilinichukua muda kulikiri: niliamini najua. Nilikuwa nimesoma miaka mitano jinsi hadithi zinavyokwisha. Kwaya ya kanisa, mjane, mashemeji wabaya: mchungaji angefika, angesoma mstari, wote wangepiga magoti. Niliandika hivyo. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeandika mwisho mbaya, niliukosoa: "Mwisho huu tumeuona mara mia."

Papa Anaclet aliingia dakika kumi kabla ya kipindi, umeme wa mji ukiwa umerudi muda huo huo, vumbi la barabara ya Kabongo likiwa bado kwenye nyusi zake. Alibadilisha koti, akachukua fiche, akakaa. Nilisimama nyuma ya kamera ya Trésor na kumsikia akisema: "Nusu saa ya kwanza niliiona minyi. Kile kilifuata sikuona, nilikuwa ku kilio. Lakini mwenzangu aliona mpaka ku mwisho, na macho yake ni macho yetu." Kisha akasoma. Mchungaji, magoti, mara mia. Nilijiambia kwamba huenda ndivyo filamu ilivyokwisha kweli. Nilijiambia hivyo siku mbili.

Jumatatu Mama Albertine alikuja na futi ya kitambaa bado inaning'inia shingoni. Nilikuwa katika chumba cha kazi na mlango umerudishwa. Na nataka kusema hapa, kwa faida ya vituo vingine, kwamba sponji ya godoro haizuii sauti ya mwanamke aliyekasirika.

"Papa Anaclet, mu filme yangu uliona pasteur gani?"

"Ule wa ku mwisho, Mama."

"Hakuna pasteur! Tulitafuta muntu wa kucheza pasteur, tukakosa! Bote banaogopa Pasteur wa kweli atakasirika!" Hapo sauti yake ikashuka, na kushuka kule kuliniumiza zaidi. "Kamati imenijibu leo. Banasema, filme yenye mwisho wa kila siku, bataionyesha sababu ya nini? Ukumbi hatuna tena. Weye njo ulikuwa tumaini yetu. Banakuitaka Papa Nusu, lakini hakuna muntu alisemaka kama uko na bongo."

Bongo, kwetu, ni uongo. Kisha nilimsikia Papa Anaclet akisema, "Mama, nipe mpaka Jumamosi," na viatu vyake vikija upande wangu.

Aliniuliza neno moja tu. "Uliona?"

"Hapana, Papa."

Hakupaza sauti. Alikaa kwenye kiti cha Trésor, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Papa Nusu," alisema. "Weye ulifikiri ni jina ya kunicheka? Ni jina ya heshima. Nusu ile ni ya kweli, njo maana banaingojaka kila Jumamosi."

Nilimwambia nimekosa, na kwamba akisahihisha yeye mwenyewe watu wataamini haraka zaidi, kwa kuwa yeye ni yeye. Nilikuwa nimelipanga jambo hilo vizuri kichwani katika sekunde chache. Alitikisa kichwa.

"Minyi ntasahihisha nini? Mwisho sikuuona. Na kama ni kusema weye haukuuona, hata ile minyi sikuiona na macho. Weye njo ulikuwa hapa. Utasema weye."

Wiki ile umeme ulikuja kwa dakika chache chache tu, nami niliandika masahihisho ya kurasa nne, yenye sababu. Alizisoma, akaniachia sentensi mbili. Jumamosi nilikaa katika kiti chake, taa ikinichoma paji la uso, nikazisema: "Mwisho wa filamu ya Mama Albertine sikuuona. Niliutunga." Hazikuchukua hata pumzi moja nzima. Nilisimama nikiwa na wepesi ambao sikuwa nimeujua toka nitoke chuoni, na nikaenda nje kuvuta hewa. Mtaa wote ulikuwa giza. Upande wa soko ulikuwa giza. Upande wa stesheni ulikuwa giza. Groupe yetu tu ndiyo ilikuwa inanguruma, ikirusha picha kwa mji usiokuwa na televisheni hata moja inayowaka, ila labda kwa wachache wenye jenereta zao.

Trésor alitoka nyuma yangu, akatazama, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Madame Licence! Mungu amekusamehe! Courant imekatika toka saa kumi na mbili. Hakuna muntu amekusikia!"

Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilishukuru. Nilihesabu: nimetubu, imerekodiwa, na hakuna aliyesikia, ni nani angeweza kunidai zaidi? Papa Anaclet alikuwa amesimama mlangoni na koti lake mkononi.

"Bongo yako ilikuwa na courant," alisema. "Kweli yako haina courant. Njo itabidi itembee na miguu."

Jumapili ibada ilipokwisha nilitembea mpaka kwa Mama Albertine. Nilikuwa nimepiga hesabu nimkute peke yake. Nilikuta kwaya nzima uani, watu zaidi ya ishirini, sahani mapajani, kijana mmoja akigawa bukari kutoka sufuria kubwa. Mtu alinijua, akaniita, "Mademoiselle wa ku télé, karibu," bila ukarimu sana. Nilibaki nimesimama karibu na sufuria na nikasema zile sentensi mbili, moja baada ya nyingine. Nikaongeza ya tatu, ambayo Papa Anaclet hakuniruhusu lakini hakunikataza: kwamba kesho ningeenda kwa kamati ya ukumbi kuwaambia hivyo hivyo.

"Aaa!" alisema mwanamume mmoja mwenye tumbo, anayeimba besi, ambaye walimwita Papa Basile. "Kumbe ule pasteur njo ye huyu! Pasteur, karibu, tubarikie bukari!"

Wakapasuka kwa kicheko, wote isipokuwa Mama Albertine. Yeye alinitazama kwa jicho la kushona, lile linalokupima mabega bila futi. "Courant iko," alisema mwishowe. "Kaa. Utaona."

Walileta televisheni mlangoni, wakafunika jua kwa kitenge, wakapeleka filamu mbele mpaka dakika ya hamsini na mbili. Shemeji mkubwa ana mkono kwenye kitasa. Numbi anaufungua mlango yeye mwenyewe. Anatoa nje makoti na suruali zote za marehemu, anazitandika juu ya mkeka, anachukua futi ya kitambaa. Anamwita shemeji wa kwanza, anampima kifua, mabega, urefu wa mkono, mbele ya majirani. Halafu anapima koti. Halimtoshi. "Ndugu yako alipokuwa mgonjwa ulikuja mara ngapi?" anamuuliza, kwa sauti ya mshonaji anayeuliza kama mteja anataka mifuko. Shemeji anarudi kwenye mstari. "Wa pili," anasema Numbi. Koti halimtoshi hata mmoja. Wanaondoka mikono mitupu, na hakuna aliyewafukuza.

Miaka mitano ya kusoma isingeweza kunipa mwisho ule. Ulitoka kwa mtu aliyeshika miili ya watu kwa futi maisha yake yote. Nililisema hilo, na kwaya ikapiga makofi. Nilijua kwamba hapo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na deni la kosa, walikuwa wengi, chakula kilikuwa chao, na sifa zilikuwa za kweli. Lakini Mama Albertine hakuwa amepiga makofi.

"Na tena?" aliuliza. "Papa Anaclet akimaliza kusifu, anasemaka siku zote na tena."

"Mama, mashemeji ni tisa," nilisema. "Mpaka wa nne nilikuwa namtazama Numbi. Toka wa tano nilianza kuwahesabu."

Mama Albertine alishika kiuno. "Ninajua! Hata minyi ninajua! Lakini bote ni ba kwaya. Kila mumoja alitaka aonekane. Ntamutoa nani? Weye njo utamuambia Papa Basile kama ametoka mu filme?"

Papa Basile alikuwa amekaa nyuma yangu, tonge mkononi. Zamani, yaani wiki mbili kabla, ningefikiria kwanza njia kumi za kusema na kumi za kutosema. Niligeuza kiti nikamwelekea.

"Papa Basile, wewe ni wa saba. Utoke."

Aliacha kutafuna. "Nimefanya nini mubaya?"

"Hakuna kibaya. Unafanya kile wa tatu amekwisha kufanya."

Alinitazama, akamtazama Mama Albertine, akaitazama televisheni ambako sura yake ilikuwa imesimama, kifua mbele, ikingoja futi. Aliweka tonge sahanini. "Rudisha nyuma," alimwambia yule mwenye rimoti. "Nimuone ule wa tatu."